Gemu za Ridhaa za Kurushiana Risasi kwa Watu Wawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gemu ya ridhaa ni gemu ya namna gani?

Ni gemu iliyotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo cha marafiki kwa mapenzi yao wenyewe, bila mshahara na bila kampuni nyuma yao, kama tunavyosema ngumi za ridhaa au soka la ridhaa. Majibu haya yanahusu aina moja tu ya gemu hizo, yaani zile ambazo wachezaji wawili, kila mmoja akiwa na mhusika wake kwenye uwanja uleule, hurushiana risasi, makombora au miale hadi mmoja wao aangamie. Kila gemu mpya ya aina hii inapotoka, watu huuliza kama inafaa kuchezwa pamoja na kasoro zake. Majibu yote hapa chini yanaanzia mahali pamoja: kasoro inayowasumbua wachezaji wote wawili kwa usawa inavumilika, lakini kasoro inayompendelea mmoja wao huiua gemu nzima, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Je, gemu za aina hii zina historia yoyote?

Ni miongoni mwa aina kongwe kabisa za gemu za kompyuta. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Vyombo viwili vya angani vilirushiana makombora huku nyota iliyo katikati ya skrini ikivivuta vyote viwili, na mchezaji aliyezubaa alimezwa na nyota hiyo kabla hata ya kupigwa. Mwanzoni vyombo viliendeshwa kwa swichi za mashine yenyewe, ambazo zilichosha mikono na zilimfanya mchezaji mmoja akae mahali ambapo hakuiona skrini vizuri kama mwenzake. Wapenzi wa gemu hiyo wakaamua kuunda visanduku vya kuendeshea vilivyounganishwa kwa waya, ili kila mmoja akae mahali pazuri. Kwa hiyo suala la usawa baina ya wachezaji wawili lilijitokeza mapema sana, na lilitatuliwa na watu walioipenda gemu, bila kuagizwa na yeyote.

Mfano mwingine ambao wapenzi wa aina hii huutaja hadi leo ni Liero, iliyotoka Finland mwaka 1998 kwa kompyuta zilizotumia DOS, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta. Minyoo wawili huchimba udongo, hurukaruka kwa kamba na kushambuliana wakati huohuo, bila kusubiriana zamu, kila mmoja akiwa na nusu yake ya skrini. Picha zake ni ndogo na hazina mapambo, lakini silaha zake 40, ambazo kila mchezaji huchagua 5, zimewafanya watu waendelee kuicheza kwa miaka mingi.

Gemu ya ridhaa ina ubora gani ambao gemu kubwa hazina?

Ubora wa kwanza ni kwamba unaanza kucheza papo hapo. Unafungua faili, mnakubaliana nani atumie upande upi wa kibodi, na sekunde chache baadaye risasi zinapita. Gemu nyingi za makampuni humtaka mchezaji afungue akaunti, apakue masasisho, apitie mafunzo na kutazama hadithi ya utangulizi. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini watu wawili waliokaa bega kwa bega wakiwa na nusu saa ya kupumzika hawayahitaji.

Ubora wa pili, na kwangu huu ndio mkubwa zaidi, ni ujasiri. Mtengenezaji wa ridhaa hana mtu wa kumwuliza kama silaha fulani itauzika. Anaweza kuweka bunduki inayomsukuma mpigaji nyuma kwa nguvu kiasi cha kumfanya aitumie kama chombo cha kurukia, au risasi inayodunda kwenye kuta mara nne na kumrudia mwenyewe, au uwanja ambao sakafu yake huliwa kidogokidogo kwa kila mlipuko. Mengi ya majaribio hayo hushindwa, lakini moja likifanikiwa huzaa mapambano ambayo hukuwahi kuyaona kwingine. Silaha ya risasi zinazodunda, kwa mfano, hubadilisha kabisa maana ya kujificha: aliyejibanza kwenye kona ndiye aliye hatarini zaidi, na mchezaji mzoefu hulenga ukuta badala ya kumlenga mpinzani.

Kuna pia wepesi. Gemu ya namna hii huweza kukaa ndani ya megabaiti chache na kuendeshwa na kompyuta iliyozeeka, na sheria zake hueleweka kwa kutazama raundi moja. Na kwa kuwa mpinzani ni binadamu aliye kando yako, mtengenezaji hahitaji kubuni maadui wenye akili wala hatua nyingi za kupitia, maana mpinzani huleta ugumu mpya kila mara anapojifunza mbinu zako.

Kwa nini risasi yangu inagoma kutoka mwenzangu anapokuwa anakimbia?

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote katika gemu zinazotumia kibodi moja, na mara nyingi chanzo chake kiko kwenye kibodi yenyewe. Chini ya vitufe kuna nyaya zilizopangwa kwa mistari ya mlalo na ya wima, na kila kitufe kinapobonyezwa huunganisha mstari mmoja wa mlalo na mmoja wa wima. Vitufe vitatu vikikaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja wa nyaya hizo, umeme hupata njia ya kuzunguka, na kibodi isiyo na diodi (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila kitufe haiwezi kujua kama kitufe cha pembe ya nne nacho kimebonyezwa au la. Ili isitoe herufi ya uongo, kibodi huamua kukipuuza kitufe kilichobonyezwa mwisho.

Tazama hali yenyewe inavyotokea. Mchezaji wa kushoto ameshikilia W na D ili aruke kuelekea kulia. Wa kulia anabonyeza kishale na papo hapo anabonyeza kitufe cha kufyatulia. Mhusika wake anasogea, lakini risasi haitoki, anaachia, anabonyeza tena, naye keshapigwa. Haoni sababu yoyote, kwa hiyo anadhani gemu ni mbovu au vidole vyake ni vizito. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba haiwaathiri wote kwa kiwango kimoja: inategemea ni vitufe gani vimepangwa upande gani, na mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya kibodi moja na nyingine.

Dawa ya kwanza ni kuwaruhusu wachezaji wachague vitufe vyao wenyewe, na gemu isiyoruhusu jambo hilo ina upungufu mkubwa. Dawa ya pili ni kuweka ufyatuaji kwenye vitufe kama Ctrl na Shift, ambavyo kwa kawaida vina nyaya zao za pekee na hata katika mfumo rahisi zaidi wa kibodi za USB huhesabiwa kando na vile vitufe 6 vya kawaida vinavyoweza kuripotiwa kwa mara moja. Lakini tahadhari inahitajika hapo. Kwenye Windows, kubonyeza Shift mara 5 mfululizo huleta dirisha la kuuliza kama unataka vitufe vinavyonata (Sticky Keys), jambo ambalo litatokea katikati ya pambano lolote la kweli. Na kwa gemu inayochezwa ndani ya kivinjari, Ctrl pamoja na W hufunga ukurasa mzima. Njia safi kabisa ni mchezaji mmoja atumie kibodi na mwingine atumie pedi, yaani kifaa cha kuchezea gemu kinachoshikwa kwa mikono miwili, au wote wawili watumie pedi, na mtengenezaji anayeongeza uwezo huo amefanya kazi yenye thamani kuliko kuongeza silaha kumi mpya.

Tukifyatua kwa wakati mmoja, mbona anashinda yeye tu?

Huenda gemu inampendelea bila mtengenezaji kujua. Programu ya gemu huendeshwa kwa mzunguko unaorudiwa, mara nyingi mara 60 kwa sekunde, na katika kila mzunguko husoma vitufe, husogeza wahusika na risasi, kisha hukagua nani amepigwa. Mtengenezaji anayeanza huandika kwa mpangilio unaomjia kwanza: msogeze mchezaji wa kwanza, sogeza risasi zake, kagua kama zimempiga wa pili, na kama zimempiga, mwondoe uwanjani. Kisha ndiyo inakuja zamu ya mchezaji wa pili. Ikiwa risasi zote mbili zilistahili kufika katika mzunguko uleule, ya kwanza inakaguliwa, wa pili anaondolewa, na risasi yake inafutwa pamoja naye kabla haijakaguliwa. Raundi mia zikichezwa, kila tukio la aina hiyo litaangukia upande mmoja.

Marekebisho yake si magumu. Vitu vyote visogezwe kwanza, mapigo yote yatambuliwe na kuwekwa kwenye orodha, kisha madhara yatolewe kwa pamoja mwishoni. Wote wawili wakiangamia, raundi ihesabiwe kuwa sare. Ninaisisitiza kasoro hii kwa sababu haionekani kwa macho na wachezaji huishi nayo kwa muda mrefu wakilaumiana wao kwa wao.

Risasi inapenya ukuta, ni silaha maalumu au ni hitilafu?

Karibu kila mara ni hitilafu. Risasi kwenye skrini haitelezi mfululizo, inaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine katika kila mzunguko. Ikiwa ina kasi ya pikseli 1,500 kwa sekunde na gemu inakagua mara 60 kwa sekunde, basi inaruka pikseli 25 kila mara. Ukuta wenye unene wa pikseli 16 unaweza kuangukia kabisa ndani ya mruko huo, hivyo risasi ikawa upande huu katika mzunguko mmoja na upande wa pili katika mzunguko unaofuata, bila kuugusa kamwe. Inatakiwa programu ikague mstari mzima kutoka nafasi ya zamani hadi mpya, badala ya kukagua nafasi mpya peke yake. Kunenepesha kuta au kupunguza kasi ya risasi huficha tatizo kwa muda, na litarudi siku mtengenezaji atakapoongeza bunduki ya masafa marefu.

Mbona gemu inakwenda mbio sana kwenye kompyuta ya rafiki yangu?

Kwa sababu mwendo umefungwa na idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa moja baada ya nyingine kwenye skrini, badala ya muda. Mhusika anayesogea hatua moja kwa kila fremu atakwenda mara 2.4 zaidi kwenye skrini ya fremu 144 kwa sekunde kuliko kwenye skrini ya fremu 60. Kasoro hii ina umri mkubwa, kwani gemu zilizopimwa kwa kasi ya kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981 hazikuchezeka kwenye kompyuta zilizofuata. Wachezaji wote wawili wanaathirika sawasawa, kwa hiyo inakera kuliko kudhulumu, lakini kuirekebisha baadaye ni kazi kubwa, na ni heri kuliweka sawa tangu siku ya kwanza.

Ni kweli kwamba kukimbia kimshazari kuna kasi zaidi?

Katika gemu nyingi za ridhaa zinazotazamwa kutoka juu, ndiyo. Mhusika akisogea hatua moja kwenda kulia na hatua moja kwenda juu kwa pamoja, anakuwa amesafiri takriban hatua 1.41. Anayelijua jambo hili hukimbia kimshazari muda wote na humwacha mwenzake asiyelijua.

Kuna silaha moja ambayo kila mtu anaichagua. Je, iondolewe?

Kabla ya kuiondoa, chunguzeni ni kitu gani hasa kinachoipa nguvu. Silaha ina mambo mengi ndani yake: madhara, kasi ya risasi, muda wa kujaza upya, upana wa mlipuko, na kiasi inavyomzuia mwenye kuitumia asisogee. Mtengenezaji wa ridhaa mara nyingi hupunguza madhara peke yake, kisha anashangaa kuona silaha bado inatawala, kwa sababu nguvu yake halisi ilikuwa kwenye kurusha haraka kiasi kwamba mpinzani hapati nafasi ya kujibu. Katika pambano la watu wawili, silaha inayomnyima mwenzako nafasi ya kufanya lolote ni mbaya kuliko silaha inayoua kwa pigo moja lakini huchukua sekunde mbili kujaza. Hiyo ya pili angalau huacha mwanya, na mwanya huo ndio unaomfanya mpigaji afikiri kabla ya kufyatua.

Gemu nzuri huwapa wachezaji uwezo wa kufungia silaha fulani kwa makubaliano yao kabla ya kuanza. Liero ilikuwa na uwezo huo, na ni njia ya busara, kwani watu wawili wanaofahamiana huweza kupanga sheria zao vizuri kuliko mtengenezaji aliye mbali nao.

Ninapigwa mara tu ninaporudi uwanjani. Hiyo ni haki?

Si haki, na inavunja moyo haraka kuliko kasoro nyingine yoyote ninayoijua, kwa maana aliyetangulia kufa hufa tena na tena akiwa hajashika hata bunduki. Mhusika arejeshwe mahali palipo mbali na mpinzani, pasipoonekana kutoka alipo, na apewe kinga ya sekunde moja au mbili inayokoma papo hapo yeye mwenyewe akifyatua. Hilo la mwisho husahaulika, na likisahaulika kinga hugeuka kuwa silaha.

Skrini igawanywe au wote watumie picha moja?

Uwanja mdogo unaotosha kwenye picha moja ni chaguo bora kwa mtengenezaji anayeanza. Wote wanaona kila kitu, hakuna siri wala ubishi. Skrini iliyogawanywa huruhusu uwanja mkubwa na mashambulizi ya kuvizia, lakini huleta tatizo lisilo na dawa kamili: mwenzako anaweza kuchungulia nusu yako na kujua ulipojificha. Baadhi ya watengenezaji hukubali jambo hilo na kuubuni uwanja wenye sehemu zinazofanana sana, ili mchunguliaji asijue kwa urahisi uko kona ipi. Ninaipenda njia hiyo kuliko kuwakataza watu kutupa macho upande, jambo ambalo haliwezekani.

Picha zikiwa mbaya, gemu ni mbaya?

Hapana. Mraba mwekundu na mraba wa bluu vinatosha kabisa, mradi mchezaji atambue kwa haraka mhusika wake yuko wapi, anaelekea wapi, na ipi ni risasi na ipi ni pambo. Gemu yenye mandhari maridadi ambayo risasi zake hupotea kwenye moshi na cheche ina kasoro kubwa kuliko ile ya miraba.

Kuhusu rangi, inafaa wahusika watofautiane kwa umbo pia. Takriban mwanamume mmoja kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na wapo watu wa namna hiyo kila mahali. Kwa hiyo mhusika mwekundu anayepigana na wa kijani kwenye nyasi ni tatizo litakalomkumba mchezaji mmoja na kumwacha mwingine. Katika Spacewar! chombo kimoja kilikuwa chembamba na kingine kinene, na hakuna aliyehitaji rangi.

Mtengenezaji aongeze uwezo wa kucheza kwa intaneti?

Ombi hili hutolewa kila mara, nami huwashauri watengenezaji wasilikimbilie. Mawimbi ya mwanga ndani ya nyaya za mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya wachezaji walio umbali wa kilomita 10,000, ujumbe kwenda na kurudi huchukua angalau milisekunde 100, na kwa kawaida huchukua zaidi kwa sababu nyaya hazinyooki na vifaa vya njiani navyo huchelewesha. Kwenye gemu ya mizunguko 60 kwa sekunde, hizo ni fremu 6. Njia rahisi zaidi ni kuifanya kompyuta ya mchezaji mmoja iwe mwamuzi, na hapo hapo haki inapotea: mwenye kompyuta hiyo anaona vitendo vyake papo hapo, huku mwenzake akipambana na picha iliyopitwa na wakati.

Zipo mbinu za kupunguza tatizo. QuakeWorld, toleo la gemu ya kurushiana risasi ya Quake kwa ajili ya kuchezwa kwa intaneti, iliyotolewa mwaka 1996, iliifanya kompyuta ya kila mchezaji ibashiri mwendo wake mwenyewe bila kusubiri jibu la seva, na tangu hapo mbinu za aina hiyo zimeendelezwa sana. Lakini zinataka gemu iwe imeandikwa kwa nidhamu tangu mwanzo, na mtengenezaji wa ridhaa anayezipachika baadaye mara nyingi huishia kuiandika gemu upya. Kama muda wake ni mchache, autumie kwenye vitufe, silaha na viwanja.

Je, kuwepo na mpinzani wa kompyuta?

Anafaa kwa mazoezi. Asipokuwepo, sioni kama gemu imepungukiwa.

Kwa nini msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, utolewe hadharani?

Kwa sababu mtengenezaji wa ridhaa ni mtu mmoja, na diski yake ni moja. Mtengenezaji wa Liero alipoteza msimbo chanzo wa gemu yake baada ya diski kuharibika, na wapenzi wake walilazimika kuijenga upya kwa kuichunguza programu iliyokwisha kutolewa. Kinyume chake, msimbo wa gemu ya kurushiana risasi ya Doom ulitolewa hadharani mwaka 1997, na ndiyo maana gemu hiyo huendeshwa leo kwenye mashine ambazo hazikuwepo ilipotoka mwaka 1993. Kabla ya kutoa msimbo, hakikisha kwamba muziki, sauti na picha ulizozitumia ni zako au zina leseni inayoruhusu zisambazwe. Gemu nyingi za ridhaa zina wimbo uliochukuliwa mahali fulani bila idhini, na hiyo ni kasoro ambayo hakuna marekebisho ya programu yatakayoiondoa.

Ninawezaje kupima gemu na kumpelekea mtengenezaji maoni yenye manufaa?

Chezeni raundi za kutosha, kisha mbadilishane pande: aliyetumia kushoto ahamie kulia, pamoja na vitufe na mhusika. Ushindi ukimfuata mtu, gemu inapima uwezo wa mchezaji. Ukibaki kwenye kiti, kuna upendeleo, na kazi inayobaki ni kuutafuta kwenye vitufe, kwenye mpangilio wa ukaguzi wa mapigo, au kwenye uwanja wenyewe, ambapo upande mmoja huenda uko karibu zaidi na silaha nzuri.

Katika maoni yako, taja toleo la gemu, aina ya kibodi au pedi mliyotumia, mfumo wa kompyuta, na vitufe vilivyokuwa vimeshikiliwa wakati kasoro ilipotokea, kwa mfano kwamba mchezaji wa kushoto alikuwa ameshikilia W na D, na kishale cha kulia pamoja na kitufe cha kufyatulia vikabonyezwa kwa pamoja. Maelezo ya namna hiyo humwezesha mtengenezaji kuirudia hali hiyo nyumbani kwake, ilhali sentensi inayosema gemu inagandaganda humwacha hana pa kuanzia. Andika pia ni silaha ipi mliichagua mara kwa mara na ipi hamkuigusa kabisa, kwa kuwa jambo hilo yeye mwenyewe, akicheza peke yake, hana namna ya kuliona.